Maneno Mia Mbili na Hamsini

Fomu inafungwa Ijumaa, saa sita kamili mchana.
Si saa sita na dakika moja.
Mwaka jana tulibonyeza saa sita na dakika moja
na ukurasa ukatutazama kama bawabu asiyetujua.

Ofisi yetu iko juu ya duka la viatu lililokufa,
Middlesbrough, mtaa unaoteremkia mto Tees.
Hita moja, mawakili wawili,
Denise wa mapokezi, anayejua majina ya watoto
wa kila aliyepanda ngazi zile,
na mimi, mwandika maombi ya fedha
kwa Kiingereza nilichojifunzia Korogwe.

Swali la kwanza: Elezeni uhitaji.
Maneno mia mbili na hamsini, yasizidi.
Shangazi Mwanamkuu alihesabu mizani kwa vidole,
nane kwa nane, midomo ikicheza bila sauti;
ubeti ukizidi, aliupiga randa hadi ukakaa.
Nami napiga randa.
Nafuta "baridi". Nafuta "usiku".
Nafuta "mama mmoja", naandika "wanufaika".
Mia mbili sabini na moja. Mia mbili hamsini na sita.
Nafuta "kwa machozi",
maana machozi hayana kiambatisho.

Swali la nne: Mtapimaje mafanikio?

Byaombe alikuja Februari, barua kazifunga kwenye kitenge,
tatu, za mwenye nyumba, hazijafunguliwa.
Alisema, isiyofunguliwa haijafika.
Kiswahili chake cha Fizi, changu cha Korogwe,
vilikutana kama watu wawili kwenye ngazi nyembamba,
kila mmoja akimpisha mwenziwe.
Gillian akazifungua kwa kisu cha siagi.
Akasoma, akacheka;
sijawahi kuona mtu akicheka na notisi ya kuhama.
Amana ya pango haikuwekwa pale sheria inapotaka.
Hakimu alitumia dakika tisa.
Byaombe bado analala kule kule nyuma ya stesheni,
na ukungu wa ukutani bado unalala naye.
Haya, hiyo niiandikeje? Mafanikio? Nusu yake?
Kisanduku kinakubali tarakimu tu.
Naandika 1.

Bajeti. Mfuko huu hulipia sheria, haulipii mlango.
Kwa hiyo Denise, afunguaye mlango,
leo anaitwa Mratibu wa Ufikiaji wa Haki, robo tatu ya muda.
"Mshahara umepanda?" anauliza.
Jina tu, dada. Jina tu.

Swali la tisa: Fedha zetu zikiisha, mtaendeleaje?
Muomba chumvi huombea chunguche,
ila hapa mwenye chumvi anataka kujua
mwakani chungu kitajikoleza vipi chenyewe.
Naandika: "Tutapanua vyanzo vya mapato."
Denise anasomea begani kwangu. "Vyanzo gani?"
Vyanzo, namwambia.
"Aa," anasema, "vyanzo,"
na ananisogezea boksi la parmo ya jana,
jibini limeganda juu ya kuku kama nta.

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini:
faili la hesabu za mwaka ni kubwa mno.
Tunalipunguza. Linagoma.
Tunalipunguza tena mpaka saini ya mhasibu
inafanana na nywele iliyoanguka.
Saa sita kasoro dakika nane.
"Maombi yenu yamepokelewa."
Hakuna anayeshangilia. Gillian anavua viatu.

Jibu ni baada ya wiki kumi na sita.

Chini mlango unagongwa, na Mratibu wa Ufikiaji
keshafika ngazi ya mwisho.
Mzee, koti la kiwanda kilichofungwa zamani,
bahasha mkononi imelowa mvua.
Anaanza na kazi, anarudi kwa mkewe,
anapitia mbwa, anafika kwenye kodi,
kisha anajishika mdomo: samahani, nasema sana.
Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu.
Nafunga kompyuta.
Endelea, mzee.

Kesi yake ni Jumatatu.
Gillian anatafuta kisu cha siagi.